Kipofu, asiyeona, kiziwi: tatizo si hiyo "ki-"

Kila mjadala wa jinsi ya kuwaita watu wenye ulemavu unapozuka, hakosekani wa kusema kwamba "kipofu" ni tusi kwa kuwa neno lenyewe limepangwa ngeli moja na kisu na kiti. Hoja hiyo haina mashiko. Kiongozi, kijana na kinyozi wamo humohumo na hawajalalamika. Kinachotweza ni upatanisho: "kipofu amefika" ni mtu, "kipofu kimefika" ni kitu, na anayesema hivyo kwa kawaida anajua anachofanya.

Wenyewe nao hawakuchagua njia moja. Tanzania kuna Chama cha Wasioona, lakini viziwi wana Chama cha Viziwi, CHAVITA. Kwa hiyo anayejitahidi kuwa na adabu akaandika "wenye matatizo ya kusikia" anawavua viziwi jina walilojipa. Wengi wao hujitambua kwa lugha yao, lugha ya alama (Kenya husema ya ishara), si kwa sikio lisilofanya kazi. La kuacha kabisa ni "bubu", maana kiziwi ana sauti na ana lugha.

"Mlemavu wa ngozi" linasikika la heshima, ila linapotosha. Ualbino ni upungufu wa melanini. Unagusa ngozi, nywele na macho. Mwalimu aliyezoea jina hilo atahimiza kofia na mikono mirefu, kisha amwache mtoto dawati la nyuma asikoona ubao. Sema "mwenye ualbino".

Kwa maandishi ya jumla tumia "mtu mwenye ulemavu", kama ilivyo katika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010. Katiba ya Kenya ya mwaka huohuo, ibara ya 54, imekwenda mbali zaidi: kutajwa kwa namna isiyodhalilisha ni haki. "Wasiojiweza" halina nafasi hapo, na "hujafa hujaumbika" ni bora ibaki nyumbani. Wasemaji huitoa kwa nia njema, lakini inamgeuza mgeni aliyeketi mbele yao kuwa onyo kwa wengine.

Neno "mbilikimo" linaumiza pande mbili. Mtaani anatupiwa mtu mwenye kimo kifupi. Vitabuni wanabandikwa Wambuti wa msitu wa Ituri na Watwa wa Burundi na Rwanda, watu wenye majina yao. Ndivyo ilivyo kwa "Wandorobo", jina lililotokana na neno la Kimaasai la watu wasio na ng'ombe, yaani mafukara. Waogiek wa msitu wa Mau hujiita Waogiek. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nao si "Watindiga". Ukitaka kuwatambua wenyeji wa asili kwenye hafla, taja jina wanalojiita, na ulitaje kabla ya "itifaki imezingatiwa", kwa sababu baada ya hapo hakuna anayesikiliza.

Hafla nyingi huharibika kwenye maandalizi. Mkalimani wa lugha ya alama mmoja kwa shughuli ya saa tatu hatoshi. Wawe wawili, wapokezane kila baada ya dakika 20 hivi, la sivyo mikono na akili vinachoka na maneno yanaanza kurukwa. Asimame penye mwanga wa mbele. Akiwa na dirisha mgongoni, anabaki kivuli. Mshereheshaji amtazame kiziwi mwenyewe, amwambie "karibu", si kumwambia mkalimani "mwambie karibu". Kwa asiyeona, kila msemaji ataje jina lake kabla ya kuanza, na ukiondoka pembeni yake mwage, asije akaongea na kiti.

Salamu nayo. Mzee anayetumia kiti mwendo hupokewa kwa "pole" na watu wanaomwona kwa mara ya kwanza, hata watoto. Ni mzee. Apewe shikamoo yake.