Hilux ya 3L iliyochoka: pima kwanza ndio upasue

Wadau habari zenu. Gari ikianza kula oili na kufuka moshi watu wanakuwa na jibu moja tu, injini imekufa hiyo, nenda Kariakoo katafute nyingine. Mimi nasema hapana, pima kwanza. Nina Hilux LN106, ile ya injini ya 3L dizeli cc 2779, haina tabo haina kompyuta, imeshapita kilomita laki nne na ushee, kazi yake ni kushusha nyanya za Ilula na kurudi na mbolea, na mwaka huu nimeifanyia ovahoo kamili, yaani kuipasua injini yote na kuifufua. Nimejifunza mengi nataka niyaweke hapa, maana pikapu za namna hii zimejaa nchi nzima na nyingi zinauliwa na haraka.

Ubaya wa injini kuchoka ni kwamba inachoka taratibu unaizoea. Mlima wa Kitonga ilikuwa inapandwa na gia ya tatu, ikawa ya pili, mabasi yanakupita tu. Mwezi wa saba Iringa ile baridi yetu mnaijua, asubuhi unapiga staata mpaka betri inaanza kuzimia, ikiwaka moshi mweupe unawasha macho na unanuka dizeli, ikipata moto moshi unageuka wa bluu, na ukifika Morogoro ukivuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia, oili imeshuka tena. Kubwa kuliko yote ilikuwa kupumua. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, kama kuna upepo wenye moshi unasukuma mkono wako ujue mgandamizo unapita pembeni ya ringi za pistoni unaingia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Lakini hata hapo usipasue. Moshi wa bluu unaweza ukawa sili za valvu tu, moshi mweupe wa asubuhi unaweza ukawa nozo zinazopuliza dizeli kwenye silinda au plagi za hita zinazopasha moto wakati wa kuwasha, moshi mweusi na kukosa nguvu mara nyingi ni eya klina imejaa vumbi au nozo zinakojoa badala ya kunyunyiza. Kinachomaliza ubishi ni kopresheni geji, kipimo cha mgandamizo wa silinda, na iwe ya dizeli, ile ya petroli haifiki. Unatoa plagi za hita, unapima silinda zote 4 injini ikiwa ya moto. 3L nzima inasoma juu ya 400 psi, ikishuka kwenye 280 hapo imechoka kweli, na silinda moja ikiachana sana na wenzake ndio hiyo hiyo. Ukipata namba ndogo weka matone machache ya oili kwenye silinda hiyo upime tena, machache tu maana chemba ya dizeli ni ndogo oili nyingi itakudanganya. Namba ikipanda tatizo ni ringi na silinda, ikibaki pale pale angalia valvu au gasketi ya hedi. Ni kazi ya saa chache tu, halafu utashangaa mafundi wangapi hawana hiyo geji na bado wanakuambia injini imekufa.

Yangu ilikuwa silinda kweli. Sasa hapo ndio swali linakuja, ununue ya mtumba iliyotoka Japani au Dubai, au ufufue ya kwako?

Injini ya mtumba siikatai. Kama bloku lako, ule mwili wa injini wenye silinda, limetoboka au krenki, ile shafti kubwa inayozungushwa na pistoni, imekatika, huna namna. Na 3L na 5L ni ndugu, ya cc 2986 inakaa pale pale bila kukata chuma, wengi wamefanya hivyo. Ila ukinunua unanunua kitu ambacho hukuona kikitembea. Ndio maana nasema usikubali kuchukua kwa macho tu, izungushe krenki kwa spana uone inazunguka mzunguko mzima bila kukwama, ingiza kidole chini ya kifuniko cha oili uone kama kuna tope jeusi, omba sampu ifunguliwe, na angalia zile plagi za maji ubavuni kwa bloku, zikiwa na kutu inayochuruzika hiyo ilitembezwa na maji matupu miaka. Alafu usisahau kadi ya gari ina namba ya injini, ukibadilisha injini ukaacha kadi ya zamani siku unauza gari au trafiki akikagua utajieleza mpaka usiku, nenda TRA kadi irekebishwe.

Mimi nilichagua kufufua kwa sababu moja tu, bloku langu lilikuwa bado stendadi, halijawahi kuboliwa, yaani silinda hazijawahi kukatwa zipanuke. Silinda ya 3L ni milimita 96, pistoni za ovasaizi ya kwanza zinazidi za kiwandani kwa milimita 0.50, kwahiyo bado lilikuwa na maisha mbele. Kama ingekuwa imeshaliwa mpaka mwisho kuna kuweka slivu, lile bomba jipya la chuma ndani ya silinda, nayo inafanyika, ila inataka fundi anayejua.

Hapa ndio nataka mnisikilize. Ovahoo sio spana. Kufungua na kufunga injini vijana wengi wanaweza, ovahoo inafanyika kwa fundi wa mashine, pale penye mashine ya kuboa na ya kusaga krenki. Niliyempata ni mzee mmoja mtaratibu sana, nilivyomletea bloku tu akaniuliza, "Pistoni ziko wapi kijana wangu?" Nikamwambia ntanunua silinda zikishakatwa. Akasema "Basi bloku likae, kanunue kwanza." Maana yake pistoni zote za boksi moja hazilingani kabisa, yeye anapima kila pistoni kwa maikromita, anaandika namba ya silinda juu yake kwa kalamu, ndio anakata silinda ile kwa ajili ya pistoni ile, nafasi inayobaki katikati ni nyembamba kama unywele. Fundi anayeboa bila kuona pistoni anabahatisha, na kubahatisha huko ndio kunaleta zile injini mpya zinazokula oili toka siku ya kwanza, mtu anasema spea za siku hizi mbaya.

Kabla hajakata alinionesha kitu. Akashika mkono wangu akapitisha kucha yangu juu kabisa ya silinda, pale ringi ya kwanza inapogeukia, kuna ngazi. Kucha inakwama kabisa. Chini yake chuma kimelika, juu yake bado ni cha kiwandani. Akasema hilo ni vumbi, na nakubaliana nae, barabara za vijijini kiangazi eya klina ikiwa na mpasuko mdogo tu au klipu imelegea vumbi lote linaingia linasaga silinda. Toka siku hiyo hozi ya eya klina naikagua kuliko matairi.

Baada ya kuboa anasugua silinda kwa jiwe, wenyewe wanaita kupiga honi, zinatoka zile mistari ya kukatizana ndani ya silinda zinazoshika oili, na hapo kuna jambo watu wanalidharau sana, USAFI. Unga wa lile jiwe la honi unabaki kwenye bloku na petroli peke yake haiutoi. Ni maji ya moto, sabuni na brashi, silinda moja moja, alafu njia zote za oili zifunguliwe plagi zake zisuguliwe na kupulizwa. Ukimaliza pitisha kitambaa cheupe chenye oili safi ndani ya silinda, kikitoka na weusi rudia. Tulirudia sana, kijana wa gereji alianza kununa, ila mwisho kitambaa kilitoka cheupe.

Mengine nayapitisha haraka. Krenki ilisagwa ikapungua, ikaenda beringi za saizi ya 0.25, tukahakiki nafasi kwa plastigeji, kale kauzi ka plastiki kanakobanwa ili kupima nafasi. Ringi kila moja iliingizwa kwenye silinda yake mdomo ukapimwa kwa fila geji, zile bati nyembamba za kupimia nafasi, kabla ya kuvaa pistoni. Gasketi za hedi za injini hizi ziko za unene tofauti, unachagua kwa kupima pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya bloku, usiwekewe yoyote iliyopo dukani. Hedi usikubali ikatwe hovyo kwa mashine, valvu zitaisogelea pistoni. Taimingi belti, wota pampu na oili pampu weka mpya, gari iko chini tayari.

Na thamostati, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, irudi mahali pake. Hili linaniuma. Mafundi wetu wanaichomoa wanasema huku joto haina kazi, matokeo yake injini inatembea baridi, dizeli haiungui vizuri, inateremka ukutani inaosha oili, silinda inalika. Iringa asubuhi ni baridi jamani. Kama gari inachemsha safisha rejeta, kagua feni na mfuniko, lakini thamostati iache.

Siku ya kuwasha tulichomoa waya wa solenoidi ya pampu, ile swichi inayofungua dizeli, tukaizungusha injini kwa staata mpaka taa ya oili ikazima, ndio tukarudisha waya. Baada ya hapo usiiache inanguruma pale gereji masaa kama wengi wanavyofanya, ringi zinahitaji mzigo kidogo ndio zikae, injini ikinguruma bure silinda inang'aa, ile mistari ya honi inafutika na hutaipata tena. Nimeitembeza na mzigo nusu, mwendo wa kupanda na kushuka, bila kukanyaga mpaka mwisho, oili ya kwanza 15W-40 nikaimwaga mapema haijafika kilomita elfu, ilikuwa na chembe za kumeta na hiyo ni kawaida. Kliarensi ya valvu nayo ikapimwa tena hapo hapo.

Sasa hivi dipstiki inabaki pale pale nikitoka Iringa mpaka Dar, na moshi wa bluu hakuna. Kilichobaki ni pampu ya dizeli, inavuja kidogo kwenye shafti na inasumbua kuwaka ikiwa ya moto. Miaka ya nyuma kabla EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, hawajaanza kuweka vinasaba (alama za kugundua mafuta yaliyochakachuliwa) kwenye mafuta mwaka 2010 dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ilikuwa nyingi barabarani, na mafuta ya taa hayalainishi pampu, hii gari ilikuwepo kazini miaka yote hiyo. Nozo nimeshatest, zipo vizuri. Pampu inaenda kwenye benchi ya majaribio msimu wa nyanya ukipungua.