Siku nilipomwagilia pango la Krismasi

Mi mtu wa Kigoma, Kifaransa nilianza kukiokota kwa Warundi na Wakongo kabla hata sijakisomea chuo, kwa hiyo mwaka 2011 nilipoitwa Bujumbura kutafsiri kijitabu cha upandaji miti toka Kiingereza kwenda Kifaransa nikasema hii hela ya bure jamani. Kurasa 40 na kitu. Nikazipiga usiku tatu, mi na kahawa na kamusi, sikumuuliza mtu.

Siku ya mafunzo ukumbi umejaa watu wa kilimo toka mikoani, nikaambiwa nisome mwenyewe. Nikafika kwenye kutunza miche. Kiingereza kilisema "water the nursery" mara mbili kwa siku, na nursery niliyoizoea mi ni ile ya watoto, kamusi nayo ikaniletea crèche, nikaona safi. Basi nikasoma kwa sauti ya padri kabisa: arrosez la crèche deux fois par jour. Kimya. Halafu mama mmoja kule nyuma akajifunika uso na kitenge, mabega yanatikisika, mara ukumbi mzima umelipuka. Crèche ni kituo cha watoto wachanga, hilo nilijua, nilichosahau ni kwamba pango la Krismasi nalo wanaliita hivyohivyo, na Burundi Wakatoliki ndo wengi, yaani watu wazima wale walikuwa wanamuona mtoto Yesu, Maria, Yosefu na ng'ombe wao wanalowanishwa asubuhi na jioni.

Mchana nakula peke yangu, akaja mzee mmoja wa misitu, anaongea Kiswahili cha Buyenzi, ule mtaa wa Waswahili pale Bujumbura, kizuri tu. "Mwanangu, kwenu mnapooteshea miche mnapaitaje?" Kitalu, mzee. "Na mnapopeleka watoto?" Chekechea. "Sasa ulikuwa unahangaika nini?"

Nikakosa jibu. Kifaransa kinatenganisha kama sisi, kitalu ni pépinière, neno limetoka kwenye pépin, kale kambegu ka ndani ya chungwa, na pale Bujumbura hata ukiongea Kiswahili unasema pepinyeri na maisha yanaendelea. Kiingereza ndo kimewalaza watoto na miche kitanda kimoja.

Jioni tukakaa naye na kalamu nyekundu, sharti lake moja, kila neno niliseme Kiswahili kwanza ndo tuvuke. Kisiki, souche. Gogo, grume. Gome, écorce. Pale kwenye "a stand of eucalyptus", yaani mikaratusi iliyoota pamoja, niliacha stand vilevile, kumbe Kifaransa hicho ni kibanda cha maonyesho kama vya Sabasaba, wenyewe wa misitu wanasema peuplement. "Wood" ndo ilitutesa, maana mi kila mahali nimemwaga bois, mzee kila akikuta ananiuliza ni kuni, ni mbao au ni msitu, na mara nyingine hata Kiingereza chenyewe hakisemi. Ila miti ya matunda tulienda kama tunateleza. Kiingereza kinaongeza neno zima la mti baada ya tunda, sisi tunabadilisha kichwa tu, embe mwembe, chungwa mchungwa, Mfaransa anashika mkia, mangue manguier, orange oranger. Parachichi ni avocat, mti wake avocatier, na kwa kuwa avocat ni wakili pia mzee akasema huo ndo mti anaotamani angekuwa nao siku ile ya kesi yake ya shamba.

Utangulizi tuliuruka. Mzee alisema utangulizi hakuna anayesoma.

Vijitabu vikachapwa, nikapewa kimoja, nakifungua kwenye basi narudi Kigoma, ukurasa wa kwanza kabisa. Mwandishi alikuwa ameonya watu wasiwe "barking up the wrong tree", maana yake wasipotee njia, Mfaransa angesema faire fausse route na mambo yakaisha. Mi nilikuwa nimeandika neno kwa neno, aboyer au pied du mauvais arbre, kubweka chini ya mti usio wenyewe. Mbwa yule bado yuko pale, anabwekea mti.