Siku moja wodini: mtoto wa SMA asiye na nguvu ya kukohoa

Saa 1:00 asubuhi. Naanza na vifaa. Mashine ya kunyonya makohozi naijaribu kwa glasi ya maji, betri nahakikisha zimejaa, maana umeme ukikatika kifua cha mtoto hakisubiri. Ambu, yaani mfuko wa kusukumia hewa kwa mkono, na maski inayomtosha vinaning'inia kitandani pake.

Saa 1:30. Kifua kwanza, uji baadaye; tumbo likijaa atatapika. SMA, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, hutokana na kasoro ya jeni SMN1, na neva zinazoamuru misuli hufa. Misuli ya mbavu hulegea mapema, kiwambo, msuli wa kupumulia ulio kati ya kifua na tumbo, kikabaki kinahangaika karibu peke yake. Ndiyo maana akivuta pumzi tumbo linapanda na kifua kinabonyea. Kukohoa hawezi, hivyo mafua madogo tu huziba njia ya hewa, pafu likasinyaa, nimonia ikafuata.

Kwenye mashine ya kukohoesha, inayosukuma hewa ndani kisha kuivuta nje, maski isivuje. Pumzi 5, apumzike, nyonya mdomoni, rudia mara 4 au 5. Presha hupandishwa taratibu hadi sentimita 30 au 40 za maji, kuingiza na kutoa. Woga wa kupandisha ndio kosa kubwa: presha ya 15 haitoi kitu, halafu mashine inalaumiwa.

Pasipo mashine, mtoto mkubwa anayefuata maelekezo hupewa pumzi 3 za ambu mfululizo bila kuzitoa, kisha akikohoa nasukuma tumbo chini ya mbavu. Mtoto mchanga hawezi hilo. Yeye hulazwa ubavu, hugongwa kifua taratibu kwa kiganja kilichokunjwa, kisha hunyonywa.

Saa 3:00. Raundi. Mtoto wa aina ya 1, yule asiyeweza kukaa, ana mafua na kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma asilimia 91. Mkono wa kila mtu unakimbilia oksijeni. Hapana! Kwanza makohozi yatoke, kisha mashine ya kumsaidia kupumua kwa maski, oksijeni ifuate ikiwa bado inahitajika. Oksijeni peke yake hupandisha namba huku kabonidayoksaidi ikijaa damuni. Mtoto anasinzia, tunadhani amepata nafuu. Namlaza chali pia, kwani akikalishwa wima kiwambo chake hupoteza nguvu.

Saa 5:00. Chakula. Mlo ukizidi dakika 30, au sauti ikawa ya majimaji baada ya kumeza, nasimamisha na kuomba uchunguzi wa kumeza. Akiumwa asikae saa 6 bila chakula. Misuli kidogo namna ile haina akiba, sukari inashuka haraka.

Saa 7:00. Viungo. Splinti za vifundo vya miguu, vile vishikizo vya kunyoosha viungo, zivaliwe angalau saa nzima, siku 5 kwa wiki, la sivyo hazisaidii. Mgongo uliopinda zaidi ya digrii 20 hupigwa eksirei kila miezi 6.

Saa 9:00. Kuruhusiwa. "Bibi, shikamoo. Usiku anatoka jasho? Anaamka mara nyingi? Asubuhi analalamika kichwa?" Hizo ni dalili za kupumua kidogo usingizini, na huanza kabla kipimo cha oksijeni cha mchana hakijashuka. Bibi hatoki mpaka awe amenyonya makohozi mwenyewe mbele yangu mara 3. Nyumbani, mtoto akiwa mzima, kifua kisafishwe asubuhi na jioni. Akipata mafua, kila baada ya saa 4, hata usiku.