Nilivyolielewa neno "ask" nikiwa mapokezi

Nilianza kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa Mwanza nikiwa na Kiingereza cha kidato cha nne, na kwangu "ask" ilikuwa "uliza", basi. Jioni moja mgeni wetu, mama wa makamo kutoka Uingereza, alipita kaunta uso umemchangamka, akaniambia: "The cook asked me to dinner." Nikaelewa mpishi kamuuliza habari za chakula. Nikaagiza apelekewe sahani chumbani.

Kumbe mpishi alikuwa amemwalika kwake, Igoma. Mkewe alishasonga ugali wa muhogo, sato wako jikoni, watoto wameogeshwa na kuvalishwa nguo za sikukuu. Mgeni alipoona sahani imeletwa akajua mwaliko umeahirishwa. Akala, akalala. Asubuhi mpishi alisimama mbele yangu na aproni yake mkononi, akasema neno moja tu: "Dada, si ungeniuliza?" Liliniuma sana.

Siku hiyo nikanunua kaunta buku. Kila mgeni alipotamka "ask" niliandika sentensi nzima, na chini yake nikaandika jinsi mimi ningelisema jambo lile lile nyumbani kwetu. Hapo ndipo mambo yalipoanza kufunguka, kwa sababu niliona kinachobeba maana ni kile kineno kinachofuata. "Ask me about the ferry" ni niulize habari za kivuko. "Ask for a towel" ni kuomba taulo. Mimi miaka yote nilikuwa nasema "ask a pen", kumbe ni sawa na kuihoji kalamu! Na "ask me to dinner" ni kunialika, lakini "ask me to wait" ni kuniomba nisubiri.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba sisi tunafanya kazi hiyo hiyo, ila mzigo tunaufunga mkiani mwa kitenzi. Tunauliza, tunaulizia, tunaulizana. Akija mtu kaunta akasema "I'm asking for the manager", haombi apewe meneja, anamuulizia. Na "she was asking after you", ambayo mwanzoni niliitafsiri "alikuwa anauliza baada yako", ni kukuulizia hali. "Ulizia" yetu moja inabeba yote mawili, wao wanayatenganisha kwa "for" na "after". Mwalimu wangu wa darasani hakuwahi kutuonyesha hivi, na naamini tungeelewa mapema zaidi kama tungeanzia kwenye Kiswahili chetu.

Sokoni Makoroboi nilijifunza lingine. Nilimsindikiza mgeni kununua kikapu, akasema: "How much is she asking?" Nikamgeukia muuzaji: "Mama, unauliza shilingi ngapi?" Akanishangaa. "Mwanangu, mimi siulizi, nauza." Hapo "ask" ilikuwa bei anayoitaja muuzaji kabla hamjaanza kupatana.

Upande wa sarufi ulionisumbua ni mmoja. Swali likisimuliwa, Kiingereza kinarudisha maneno kwenye mpangilio wa kawaida: "Where is the ferry?" inakuwa "He asked where the ferry was." Nilikariri hiyo moja, nyingine zikafuata.

Mgeni yule alialikwa tena Jumapili. Kwenye kitabu cha mapokezi niliandika: "Kaalikwa Igoma, saa moja na nusu, asipelekewe chakula."

Miezi kadhaa baada ya yeye kuondoka, mpishi alikuja kaunta na simu yake, mikono bado ina unga. "Dada, hebu nisomee hapa." Nikaona lile neno, na "after" mbele yake.

"Anamuulizia shemeji," nikamwambia, "na watoto wote."