Siku moja maishani mwangu: fundi wa chumba cha betri

Saa 12 asubuhi. Jua halijaanza kuchaji, kwa hiyo betri bado zinasema ukweli. Benki yetu, yaani kundi zima la betri, ni seli 24 za risasi na asidi, volti 2 kila moja, zimeungwa kwa mfululizo kufikia volti 48. Zimelisha gridi yetu ndogo ya umeme wa sola usiku kucha, na mimi napima moja moja. Volti ya jumla hudanganya: seli moja ikiwa 1.85 na zenzake 2.02, jumla bado inapendeza, huku ile dhaifu ikikamuliwa kila usiku hadi ife.

Watu wakisikia umeme wa sola hufikiria paneli. Paneli zinataka kufutwa vumbi tu. Kinachokufa mapema ni betri.

Saa 2. Haidromita, kipimo cha uzito wa asidi ukilinganishwa na maji. Betri hizi za sahani za mirija zikijaa husoma karibu 1.24. Fundi aliyezoea betri ya gari, inayosoma karibu 1.28, ataongeza asidi akidhani imepungua. Usithubutu. Asidi haipotei kwa kuchaji, kinachopungua ni maji.

Saa 3 hadi saa 5: vumbi, mita, daftari.

Saa 6 mchana, simu. "Fundi, betri zenu mbovu! Mashine yangu jana jioni imezima umeme mtaa mzima." Mwenye mashine ya kusaga. Nimemweleza mara nyingi, na leo tunaanza tena upya. Mota yake ni ya kilowati 3, fezi tatu. Ikishakimbia hula ampea 6 na ushee kwa kila waya. Wakati wa kuwaka huvuta mara sita ya hapo, takriban kVA 26 (kilovolti-ampea, kipimo cha nguvu ya umeme) kwa sekunde chache. Inveta zetu tatu, zinazogeuza umeme wa betri kuwa wa kutumia majumbani, kwa pamoja ni kVA 15, na zinavumilia mara mbili yake kwa muda mfupi tu. Mchana inawaka, kwa sababu paneli zinasaidia na betri ziko juu ya volti 54. Jioni taa na televisheni za watu ziko hewani, betri ziko 48, mota inaamka, ampea 400 zinatoka betrini kwa mkupuo, volti inaporomoka na inveta inajizima ili kuokoa betri. Imefanya kazi yake. Lawama napata mimi.

"Basi nitaweka stata ya sta-delta," anasema, maana kuna mtu kamwambia. Stata hiyo huianzisha mota nyaya zake zikiwa zimeungwa kwa namna ya sta, kisha huihamishia namna ya delta. Nikamwomba asome kibao cha mota: 230/400, yaani volti 230 ikiwa delta, 400 ikiwa sta. Mota hiyo kwenye gridi ya volti 400 inapaswa kukimbia ikiwa sta muda wote. Ukiihamishia delta unaiunguza. Sta-delta ni ya mota iliyoandikwa 400/690. Kwake inafaa sofutistata, yaani kifaa kinachoiamsha mota polepole, na mashine iwashwe ikiwa tupu, nafaka ziingie baadaye. Au asage mchana, bure kabisa. Alikata simu.

Hata hivyo malalamiko yake hayapuuzwi. Bolti moja iliyolegea ikiongeza miliohmu 2 tu, ampea 400 zikipita hapo zinapoteza volti 0.8, na watti 320 zinageuka joto kwenye kichwa cha seli. Nikapitisha kipima joto kwenye viungo vyote mzigo ukiwa juu. Kimoja kilikuwa na nyuzi 14 zaidi ya jirani zake. Kukata breka (swichi ya usalama) ya betri, pete vidoleni hapana, spana yenye mpini wa mpira, kufungua, kusugua kutu nyeupe, kupaka grisi, kukaza kwa kipimo cha mtengenezaji. Ukikaza kwa hasira risasi inanyongeka, maana ni laini.

Saa 9 hivi, seli zimefika volti 2.4 na bado zinataka saa kadhaa. Hapa ndipo benki nyingi huuawa: mtu anaona asilimia 85 anaridhika, siku baada ya siku, na sulfati inaganda kwenye sahani. Betri za lithiamu fosfeti hazina shida hiyo, ila volti yake ni bapa, karibu haibadiliki, kiasi kwamba huwezi kukisia chaji kwa mita. Unategemea kihesabu ampea, kifaa kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka, nacho huteleza betri isipofikishwa asilimia 100 mara kwa mara.

Maji yaliyotoneshwa naongeza baada ya kujaa, kamwe si kabla: kimiminika hupanda wakati wa kuchaji, ukijaza mapema asidi inamwagika. Milango wazi, maana haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka.

Jioni, sijui saa ngapi tena, miguu imechoka. Mawingu yalipita, betri hazikujaa, jenereta lazima iwake. Naiwasha taa za watu zikiwa nyingi, ibebe mzigo wa kweli na kuchaji kwa pamoja, kisha naizima betri zikifika asilimia 80. Zaidi ya hapo betri zinapokea kidogo mno, injini inabaki na mzigo mwepesi, inajaza masizi na kunywa dizeli. Hiyo asilimia 20 jua litaimalizia kesho, kama mwenye mashine atasaga mchana.