Mke ameajiriwa, mume amefuata: mwaka wetu wa kwanza Leipzig

Watu wakisikia mke wangu ni nesi Ujerumani, swali la kwanza huwa ni mshahara. Habari za aliyemfuata haulizi mtu. Mimi ndiye huyo. Niliacha kazi yangu ya ufundi umeme Tanga, nikapanda ndege na watoto wawili, mke akiwa ametangulia kukamilisha utaratibu wa vyeti vyake kutambuliwa huku. Nawaandikia wenzangu mnaosubiri viza, kwa sababu katika kila familia inayoitwa na kazi ya mmoja, yupo mwingine anayekuja bila mkataba mkononi, na mzigo wa kuitengeneza nyumba unamwangukia yeye.

Mzigo wenyewe unaanza na karatasi. Ndani ya wiki mbili tangu mhamie kwenye nyumba, sheria inawataka mkajiandikishe manispaa; hapa Leipzig ofisi hiyo inaitwa Bürgerbüro. Bila cheti chake, karibu kila ofisi utakayoingia baadaye itakurudisha huko. Namba ya kodi inaletwa kwa barua, kadi ya bima ya afya kwa barua, majibu ya Kindergeld, yaani posho ya watoto ya serikali, kwa barua. Kwa hiyo kabla hujanunua sufuria, bandika jina lenu kwenye sanduku la barua pale mlangoni. Mleta barua asipoliona jina, anairudisha ilikotoka, hata kama mpo ndani na taa zinawaka. Mke wangu anatumia jina la baba yake, watoto wanatumia langu, hivyo sisi tumebandika yote mawili.

Nyumba tuliikuta haina jiko. Chumba cha kupikia kilikuwa kuta tupu na mabomba yamechomoza. Ni jambo la kawaida huku: mpangaji anakuja na sinki lake, makabati yake na jiko lake, na akihama anavibeba au anamuuzia anayeingia. Sisi tulipata vya mtumba kwa mtu aliyekuwa anahama mtaa wa pili. Kabla ya hapo tulipikia jiko la umeme la sahani moja lililowekwa juu ya kigoda, vyombo tukavioshea bafuni.

Chekechea ndiyo iliyonikalisha chini nikafikiri. Tangu Agosti 2013 kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ana haki kisheria ya kupata malezi ya mchana, ingawa haki ni kitu kimoja na nafasi ni kingine, foleni ipo. Nafasi ikipatikana, mtoto haachwi getini akilia kama tulivyozoea. Kuna kipindi cha kumzoesha. Mzazi anaingia naye darasani. Mwalimu alinionyesha kiti pembeni, akaniomba nisimwite binti yangu wala nisicheze naye, niwepo tu. Siku za mwanzo tulikaa saa moja, tukarudi nyumbani. Baadaye nikaambiwa nimuage, nitoke dakika chache, nirudi. Mwalimu alikuwa anaangalia kitu kimoja: mtoto akilia, atakubali kubembelezwa na yeye?

Siku moja binti alijikwaa kwenye kizingiti. Akanitazama mimi, akamtazama mwalimu, kisha akaenda kwa mwalimu akamwonyesha goti. Mwalimu akalipuliza, akabandika plasta yenye picha ya tembo. Kesho yake niliruhusiwa kwenda zangu hadi baada ya chakula cha mchana.

Shughuli hii ilichukua wiki kadhaa. Zamu ya asubuhi ya mke wangu inaanza saa kumi na mbili kamili, ambapo watoto wetu bado wamelala. Sasa nani angekaa kwenye kile kiti? Nasema hivi kwa sababu wapo wanaume wenzangu wanaoona aibu kujibu wakiulizwa wanafanya nini huku. Mama mkwe aliniuliza kwenye simu, kwa upendo kabisa: "Mwanangu, nasikia wewe ndiye unayepeleka watoto shule. Na kazi yako lini?" Nikamwambia, "Mama, asubuhi nipo darasani nasoma Kijerumani, mchana nawafuata watoto. Kazi inakuja." Akaniombea dua.

Swali hilo hilo linawasukuma wengine kwenye ghala la kwanza litakalowachukua. Kisheria hakuna kizuizi, mume au mke aliyefuata ana ruhusa ya kufanya kazi. Ila zamu za usiku na darasa la asubuhi haviendi pamoja, na nimewaona watu wa miaka mingi hapa ambao bado wanamtegemea mtoto wao awatafsirie barua. Mimi nasema soma kwanza, kama mkate wa nyumbani unatosha. Kozi ya kuwaandaa wageni ina saa 600 za lugha na 100 za kuijua nchi, na lengo lake ni kufika B1, yaani ngazi ya kati ya lugha. Kindergeld nayo inasaidia; mwaka 2025 ilikuwa euro 255 kwa mwezi kwa kila mtoto.

Mnaokuja, anzeni A1, ngazi ya kwanza ya lugha, mkiwa huko huko; Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, ipo Dar na Nairobi. Vyeti vya kuzaliwa na cha ndoa vitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika. Kadi ya kliniki ya mtoto iwe kwenye begi la mkononi, kwa sababu tangu Machi 2020 mtoto haingii chekechea bila uthibitisho wa kinga ya surua. Ya binti yangu ilikuwa na chanjo zote mbili, ya miezi 9 na ya miezi 18. Daktari wa watoto aliisoma akaandika cheti palepale.

Mke wangu nami tumeshakubaliana. Nikipata B1 natafuta nafasi ya mafunzo ya umeme kazini, wanayoita Ausbildung, na yeye ataomba zamu za mchana ili asubuhi awe anawapeleka watoto.