Kivuli cha Madyana na daftari la madeni

Usiku wa kuamkia Ijumaa.

Aya ya 24 ya Suratul-Qasas ni fupi, na siku hizi wengi wanaijua kama dua ya kuombea mchumba. Kwanza ni dua ya mtu aliyeishiwa kabisa. Nabii Musa (a.s.) ametoroka Misri baada ya ngumi yake kuua mtu, anasakwa, hana mwenyeji. Anafika penye maji ya Madyana, anakuta wachungaji wamejazana, na pembeni wanawake wawili wanazuia mifugo yao. Anawanyweshea. Kisha anajitenga kivulini na kusema: Mola wangu, mimi ni fakiri wa kheri yoyote utakayoniteremshia.

Nautazama mpangilio wake. Kazi imetangulia, dua imefuata, na ndani ya dua hamna orodha. Hakutaja chakula, nyumba wala ajira. Alitaja hali yake tu, namna ya kusaidiwa akamwachia Mwenyewe. Kilichokuja ni wito wa kwenda kulipwa ujira, halafu hifadhi, mke, na mkataba wa kazi wa miaka 8, au 10 akipenda. Mtu aliyelelewa nyumbani kwa Firauni akawa kibarua wa mzee mmoja huko ugenini. Kwangu mimi unyenyekevu uko hapo: kuipokea kheri hata ikija na fimbo ya kuchungia. Kunong'ona kwa sauti ya huruma kila mtu anaweza.

Bibi Maryamu naye, katikati ya uchungu wa kuzaa, aliambiwa atikise shina la mtende. Nabii Ayubu, mgonjwa, aliambiwa apige ardhi kwa mguu wake. Mtende hautikisiki kwa nguvu za mzazi (aliyewahi kuegemea mnazi anajua), lakini mkono ulitakiwa uende. Ndiyo maana yule aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake bila kamba na kutawakali, yaani amtegemee Mungu tu, alijibiwa amfunge kwanza.

Sasa, dhiki ya wengi wetu ni deni, na kamba ya kulifunga ni kalamu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inaamrisha deni liandikwe na liwe na mashahidi. Basi chukua daftari, piga mistari, upate sehemu nne: jina la mdai, kilichobaki, tarehe ya ahadi, shahidi. Tenga madeni yanayozaa riba, kama mikopo ya simu na ile ya kausha damu, na yasiyozaa, kama ya dukani au ya ndugu. Yanayozaa yakipewa kisogo mwezi mmoja, yanakula hata haki ya wale wengine.

Kwa mdai nenda kabla ya tarehe. Ukienda mapema unaleta habari. Ukienda baada ya tarehe, maneno yale yale yanakuwa visingizio. Taja kiasi unachokiweza kweli, hata kama kinatia aibu. Deni la shilingi 300,000 kwa 20,000 kila mwezi linakwisha kwa miezi 15. Anayeahidi 50,000 ili aonekane mwanamume, akakwama mwezi wa tatu, amepoteza fedha na uaminifu pamoja. Kiburi kinachoficha ufukara ndicho kinachouzidisha.

Hapa kuna kosa linalojirudia. Aya ya 280 ya sura hiyo hiyo inasema mdaiwa aliye katika dhiki angojewe mpaka afarijike, na kusamehewa ni bora zaidi. Aya hiyo anasemezwa mdai. Mdaiwa akiibeba kama ngao na kumsomea mwenye mali yake, ameacha kuomba muhula, ameanza kuamuru.

Kosa jingine ni kumfanyia Mungu biashara: nikipata kazi nitachinja mbuzi. Hadithi sahihi inasema nadhiri haileti kheri, hutolewa kwayo mali ya bahili tu. Na ikishatamkwa ni deni la pili juu ya la kwanza. Asiyeiweza huelekezwa kwenye kafara ya kiapo, yaani kulisha au kuvisha masikini 10, na asiyepata hicho hufunga siku tatu. Aliyebanwa asijiongezee wadai.

La tatu ni kukimbia sala ya jamaa msikitini kwa sababu mdai anasali safu ya mbele. Hapo mtu amemwogopa mja mpaka nyumbani kwa Mola wake. Tena huko msikitini ndiko pa kuulizia zaka: wadaiwa wametajwa miongoni mwa mafungu manane ya aya ya 60 ya Suratut-Tawba. Kumwambia imamu ukweli, faraghani, na daftari mkononi, si kuombaomba.

Usiku una hesabu yake pia, kwa anayetaka kuamka kuomba. Magharibi ikiwa saa 12:30 jioni na Alfajiri saa 11:00, usiku ni saa kumi na nusu. Theluthi ni saa tatu na nusu, kwa hiyo theluthi ya mwisho inaanza saa 7:30. Rakaa mbili zinatosha, sijda ikirefushwa. Viungo saba chini: paji la uso pamoja na pua, viganja viwili, magoti mawili, ncha za miguu miwili. Aliyelala hivyo hana cha kuringia. Aseme alivyo, kama alivyosema yule wa kivulini, na asipange majibu.

Kisha kutakucha, na daftari litakuwa pale pale. Mwenye jina la kwanza kwenye orodha hufungua duka saa moja asubuhi, kabla wateja hawajajaa.